Jiwe Ndani ya Wali

Kwanza lilikuwa jiwe.
Dogo, la rangi ya mchele wenyewe,
na mjukuu wangu Ogalo akaliuma,
akashika shavu, akanitazama
kama mtu aliyeibiwa na mama yake.

Miaka thelathini nauza mchele wa Ahero.
Waulizeni wanunuzi wa Kibuye na Kondele:
mchele wa Turfena hauna jiwe.
Hilo ndilo tangazo langu, ndiyo leseni,
ndicho nilichosomeshea watoto wanne
na kumzikia mume.

Nikasema ni mashine ya kukoboa.
Juma lililofuata nikasema ni jua.
Kisha nikanunua miwani pale stendi,
shilingi mia mbili, kwa kijana aliyeitundika shingoni kama shanga.
Asubuhi naona, jioni sioni.
Nikamrudishia. Akacheka:
"Mama, miwani ni nzima."

Neno lililobaki sikulisema.
Sukari ninayo tangu mwaka ule maji yalipoingia hadi jikoni.
Vidonge nameza, chai nanywa kavu,
mguu naukagua kila usiku, kidole kwa kidole,
kama nilivyoagizwa.
Jicho nani hulikagua?
Jicho ndilo hukagua.

Jumanne, Kisumu, benchi la kliniki ya macho.
Kushoto mwalimu mstaafu wa Kombewa,
kulia mama wa Luanda na chupa yake ya uji.
Matone yanachoma kama maji ya kitunguu.
Tunafumba. Tunangoja mboni zipanuke.
Mwalimu anasema, kwa sauti ya darasani,
"Mimi sioni shida yoyote."
Muuguzi Nekoye hainui kichwa, anaandika:
"Ndiyo maana tumekuita, mwalimu.
Mgeni huyu huvua viatu mlangoni."

Kidevu hapa. Paji la uso pale. Usipepese.
Mwanga ukapasuka.
Halafu akanigeuzia kioo cha kompyuta
nikaona ndani ya jicho langu mwenyewe:
uwanja wa rangi ya chungwa,
na mishipa imetawanyika
kama mifereji ya mpunga ukiitazama toka milima ya Nandi.
"Hapa, na hapa, imevuja. Kidogo."
Vidoa vyekundu. Nilivihesabu, sita,
vidogo kuliko chuya.

Mifereji naijua mimi.
Nimeziba kingo usiku wa mvua, magoti ndani ya tope.
Ukingo haukuiti kwa jina. Unalegea tu,
na shamba linabaki kijani, na jirani anakusifu,
hadi asubuhi unayokuta maji
yamelala mahali pa miche.

"Nitakuwa kipofu?"
Nimeuliza kwa Kijaluo bila kukusudia.
Nekoye ni Mbukusu; alinielewa.
"Umekuja kabla, mama. Wengi huja baada."
Akaandika tarehe ya daktari, akaipigia mstari,
akarudia habari ya sukari na ya presha
polepole, kama mtu anayehesabu chenji.

Nje, jua lilinizaba kofi.
Mboni zangu hazikuwa na pazia:
bajaji, kunguru, ukuta,
vyote vimemwagika vyeupe
kama gunia lililopasuka.
Ogalo akanishika kiwiko. Miaka tisa.
"Dani, ngazi. Dani, shimo. Dani, kuna mbuzi."
Sijawahi kuongozwa. Sikupenda.
Nilimshika kwa nguvu.

Nyumbani nikamwachia uteo.
Alichagua ulimi ukiwa nje, taratibu mno,
kilo moja tu, mpaka giza likabisha hodi.
Mawe matatu.
Akayaweka kiganjani mwangu, moja moja, niyahisi.

Sikuyatupa. Yako mezani,
juu ya kadi ya kliniki,
upepo wa ziwa usije ukaichukua tarehe.