Kile Kinene

Dukani Río Gallegos, upepo unagonga dirisha.
Eulogio, mnyoa kondoo,
anapima vidude viwili kiganjani
kama apimavyo sufu.
Hiki chembamba, chang'aa; kasi yake muuzaji anaisifu hadi koo limkauke.
Kile kinene, kizito kama mche wa sabuni:
betri siku mbili.

"Toka zizini hadi mnarani, mbali?"
"Siku nzima. Kwa farasi mvivu, moja na nusu."

Akabeba kinene.

Jumapili, juu ya tangi la maji,
akakiinua kichwani. Mstari mmoja tu wa mtandao.
Sura ya Nélida ikaja,
ikaganda katikati ya kicheko,
kinywa wazi.

Hakukata.
Alilitazama pengo la jino
ambalo mwezi jana halikuwapo,
alilitazama tu,
betri ikiwa bado na siku nzima.