Chumba Juu ya Njia

Kuta za nyumba yetu ni mawe ya bahari, mtandao hauzipenyi.
Hushika hapa tu, kwenye wikio,
chumba kilichokalia hewa,
bega moja kwetu, bega moja kwa kina Bwanaheri,
chini yake njia ya watu wote
na punda wa watu wote.

Alhamisi, saa kumi na moja. Bando la shilingi hamsini.
Groningen mvua yagonga dirisha la Joost,
Concepción Paulina bado ana kahawa ya asubuhi.
Mwalimu Nekesa, kutoka Eldoret, atugawia kesi:
nyumba mbili, chumba kimoja juu ya njia,
hati imeliwa na mchwa. Nani mwenyewe?
Ni kesi ya kubuni, asema.
Nami nimeikalia.

Joost auliza: na hewa iliyo chini yake, ina mwenyewe?
Paulina asema kwao mto ulihama usiku,
majirani wakashitakiana miaka tisa, kisa kokoto.
Twacheka, kila mmoja kwa kuchelewa kwake.

Kisha kura ikapigwa: Swabra, wewe wakili wa jirani.

Mimi!
Babu alikufa hasemi na nyumba ile.
Sinia yao ya Idi, mama huirudisha
kawa haijafunuliwa.

Nikatazama ukuta wa kwao.
Utotoni niliuparua kwa kucha, nikaona
chini ya chokaa, upinde wa mlango
uliozibwa.
Sikuwahi kumwambia mtu.

Waheshimiwa, nikasema, mlango mkongwe uko upande wa jirani.
Wetu ulitobolewa baadaye.
(Wa mdai, nikajirekebisha. Wa mdai.)
Na atoboaye mlango hakujenga chumba.

Punda akalia chini.
Joost akadhani ni pingamizi.
"Limekataliwa," akasema Mwalimu,
akafungua daftari la hukumu,

na bando likaisha.
Paulina akaganda mdomo wazi,
Joost kidole juu,
kisha kioo cheusi, na humo uso wangu.

Nikakaa. Jasho.
Ndipo chokaa ikagongwa kutoka ng'ambo,
mara tatu, kwa pete,
na Bi Mwanaate, ambaye hajawahi kuniita jina, akasema:

"Swabra. Hiyo hoja ya mlango,
hebu irejee.
Polepole. Bwanaheri hasikii vyema."