Asilimia Kumi na Moja

Mwanangu Kaarel yuko Riga, kazi yake ni kusikia.
Nilimtumia dakika mbili za piano
akajibu kwa maneno matatu:
Baba, kuna mvumo.

Si "umejitahidi", si "vidole vimekunjuka".
Mvumo.

Basi nikauwinda.
Nilizima friji, maziwa yakabaki na bahati yao.
Nilizima taa ya jikoni, ile inayopepesa,
nikaing'oa saa ya ukutani
nikailaza kitandani, nikaifunika blanketi kama mgonjwa.
Nikamshuku Bi Leida wa chini na cherehani yake,
nikashuka ngazi kwa soksi, nikatega sikio mlangoni pake:
alikuwa akikoroma, maskini, hana hatia.

Mwanzo nilikuwa mjinga zaidi.
Niliweka maikrofoni mbele ya spika
ikanasa kila kitu ila muziki:
kishindo cha vitufe, kiti kikilia,
theluji ikiporomoka paani,
na mimi, nikihema kama lori kwenye mwinuko.
(Miaka thelathini na mmoja niliendesha basi,
Annelinn hadi stesheni, stesheni hadi Annelinn;
kifua kilijifunza kwa injini.)

Ndipo nikanunua waya,
kichwa kimoja kwenye piano, kingine kwenye kompyuta,
sauti ipite ndani kwa ndani, isiguse hewa.
Tangu hapo nikicheza chumba ni kimya.
Ungeingia ungemkuta mzee anagonga plastiki,
tok, tok-tok, kama mtu akatakataye kabichi,
kumbe masikioni mwake ukumbi mzima umewashwa taa.

Lakini mvumo! Umo chini ya kila noti,
nzi ndani ya chupa.

Leo saa nane usiku nimeukanyaga kwa bahati.
Mguu ulinasa waya wa chaji, ukachomoka ukutani,
mvumo ukakatika ghafla
kama msengenyaji aliyefunguliwa mlango.
Kikulacho, kumbe, nilikuwa nakilisha umeme.

Na betri ya kompyuta hii kuukuu
inasoma asilimia kumi na moja.

Nikaketi. Mstari wa kijani ulilala chini,
tambarare kama ziwa Peipsi lililoganda.
Nikabonyeza duara jekundu.
Kumi. Mkono wa kushoto ukaanza vizuri.
Nane. Penye radi nikapunguza nguvu,
mstari usije ukagonga juu ukapasuka.
Sita. Ukurasa wa pili, kidole cha nne
kikateleza kikaangukia kwa jirani,
noti isiyoalikwa, safi, angavu,
imesimama katikati ya ukumbi na viatu vya matope.
Sikurudi. Ningerudi kwa betri gani?
Kituo ukishakipita umekipita.
Tatu. Hifadhi. Tuma.
Giza.

Asubuhi, kwenye simu:
Baba, mvumo umekwisha.
Sasa nalisikia kosa.

Nilicheka
mpaka Bi Leida akagonga dari kwa ufagio.