Usiku Usio na Mawingu

Mzee Tweve alipiga simu kutoka wodini,
mtandao ukikatika kama uzi uliooza.
"Mawingu yapo?"
Hayapo.
"Upepo je?"
Umelala.
"Basi leo itashuka. Wateremshe wote chini."

Wote ni saba.
Miti saba, kimo cha goti la mtoto,
ndani ya kopo la siagi, bakuli, karai lililotoboka,
na sufuria ya harusi ya marehemu mkewe, isiyo na mkono.
Kuna mwerezi alioung'oa kwenye ufa wa jabali, njia ya Kitulo.
Kuna mpodo wa miaka thelathini na mmoja,
umenizidi mimi minne,
na nikiubeba hauzidi uzito wa kuku wawili na karai lake.

Makete nzima humcheka.
Mtu aliyeangusha misonobari tangu ujana,
msumeno ukamtoza vidole viwili,
leo amestaafu, anafuga miti kama kanga!

Redioni wanaiita sakitu.
Sisi husema tu: viazi vimeungua.
Alfajiri ya Julai shamba jeupe, kama limepakwa chokaa;
ikifika saa nne majani meusi, yamelala kifudifudi.
Baridi nayo huunguza.
Muulize mwenye ekari mbili na mkopo wa mbolea.

Simu ikarudi:
"Usihangaike na majani. Funika miguu.
Mti mkubwa una dunia nzima ya kujifunika.
Hawa wana kopo."
Ikakata.

Nikalowesha udongo jua likiwa bado kilimani.
Nikachimba mtaro nyuma ya choo, ukutani,
nikavizika vyombo hadi shingoni kwa maranda ya mbao,
nikachomeka vijiti, nikatandaza magunia ya pareto
yasiguse jani hata moja.
Sita wakaenea.
Karai la mpodo likagoma.

Jikoni?
Jikoni hapana, alishaniapisha tangu Mei:
"Moto utamdanganya kwamba mvua zimefika.
Ataamka, atachipua,
kesho atakufa na matumaini yake mabichi."

Nikaupeleka zizini kwa Tabu,
ng'ombe wetu mmoja, mwenye pumzi ya birika.
Nikauweka pembeni, nikaufungia kwa ubao.
Nilidhani nimeufunga.

Usiku ule nyota zilishuka hadi kwenye mapaa.
Mabati yalialika, ta, ta, yakijikunja.
Nililala na soksi za kaka yangu, bila kulala,
nikiwahesabu wale sita, na mmoja, na sita tena.
Kwenye saa kumi mbwa wote wakanyamaza,
nikajua: sasa.

Asubuhi nyasi zilivunjika chini ya ndala zangu.
Maji ya kuku yalikuwa na mfuniko.
Viazi vya kwa Luvanda, ng'ambo ya bonde, sikutaka kuvitazama.
Nikafunua magunia taratibu, upande wa kivuli kwanza:
sita wazima, wananuka pareto.

Zizini Tabu alikuwa anatafuna.

Tawi la kushoto halikuwepo,
lile la juu, lililoinama kama mtu anayetafuta sindano.
Miaka thelathini na mmoja, na jino la ng'ombe.

Nikapiga simu. Nikasema yote bila kuvuta pumzi.
Kimya. Nikasikia magurudumu ya kitoroli cha dawa,
muuguzi akimwita mtu mwingine.
"Kushoto," akasema hatimaye. "Lile lililoinama?"
Ndiyo, Mzee. Nisamehe.
Akakohoa, au alicheka, kifua chake hakitofautishi tena.
"Mwaka wa tisa huu nashika mkasi nasogea, narudi nyuma.
Amekata juu ya kifundo au chini yake?"

Nikachuchumaa kwenye samadi kutazama.
Juu kidogo, Mzee. Kidole kimoja.

"Kipi? Changu au chako?"
Kisha salio likaisha, sijui lake au langu,
na jua likaanza kugusa magunia.