Lita Nne

Barka, baada ya tarawehe,
Muhenna huzunguka na pikapu yake
akiomba mafuta yaliyokwisha kukaanga:
meusi, yenye chembe za bizari
na ganda la sambusa lililozama.

"Nchi ina visima," mkwewe humcheka,
"nawe wakomba makarai!"

Hajibu. Huchuja kwa kanzu kuukuu,
hupasha, hutia spiriti na magadi makali,
hungoja mpaka uzito ushuke chini,
juu ibaki rangi ya samli.

Leo Idi, kaitilia pampu ya shamba lita nne.
Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikashika.
Maji yakaifuata mitende,
na moshi wake, wallahi,
ukawatia njaa majirani
waliokwisha kushiba,
mkwewe akiwa wa kwanza
kuuliza nani anakaanga.