Kiingilio Bure

Mwezi Machi, mvua za Valdivia zikiwa bado zinajaribu sauti,
nabandika ratiba ya msimu kwenye mlango wa ukumbi wa chuo.
Gundi haikauki. Kona moja hujikunja,
jina la mpiga piano likabaki nusu.
Naikandamiza kwa kidole gumba, nahesabu hadi sitini.
Chini kabisa, kwa herufi nene: KIINGILIO BURE.
Watu husoma mstari huo, kisha huuliza ni kiasi gani.

Mimi ni Nibaldo, bawabu. Misimu kumi na tisa.
Muziki siusomi, lakini vikohozi navijua:
kipo cha baridi, kipo cha kuchoka,
na kipo kile kinachovizia pawe kimya ndipo kitoke.

Mei zilitundikwa picha za tetemeko la mwaka wa sitini,
mitaa iliyozama, reli iliyopinda kama tambi.
Bibi Hortensia Oyarzún akasimama mbele ya moja
mpaka nikaanza kuzima taa.
"Paa lile ni letu," akasema. "Na yule juu yake si paka,
ni mtetea. Alitaga kule juu siku tatu.
Ya nne tukamla."
Mwanafunzi aliyeandika maelezo ya picha
akatoa kalamu, akalikata neno paka.

Juni kwaya iliimba, na bati likaimba zaidi.
Mvua ya huku hainyeshi, inahamia.
Mwongoza kwaya akashusha mikono.
Tukaketi dakika kumi na moja tukisikiliza juu,
na gazeti la mji likaandika kuwa hapo ndipo palipofana.
Tangu siku ile hanisalimu, kana kwamba bati ni langu.

Julai, mhadhara wa nyota. Walikuja watatu:
mmoja alifuata joto la jiko la kuni,
mmoja alikosea mlango akaona haya kutoka,
na mbwa.
Mbwa ndiye aliyekaa hadi maswali na majibu.

Sasa, Edelmira.
Miaka thelathini na mmoja aliufagia ukumbi huu.
Viti alivijua kwa maradhi yao: cha kumi na mbili mguu mbovu,
cha pembeni, safu ya nyuma, hakikosi bigijii chini yake.
Alistaafu Desemba.
Agosti, usiku wa filamu, nikamwona nje na mwavuli,
amevaa hereni.
"Ingia. Ni bure."
"Najua ni bure. Gundi ya tangazo nilikuwa nakoroga mimi."
Lakini hakusogea. Maji yakimwingia viatuni.
"Sijui nikae wapi, Nibaldo. Nimevizoea kwa chini tu."

Nikamwambia cha kumi na mbili nimekipigilia msumari.
Akakipangusa kwa leso, akaketi ukingoni,
kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini.
Dakika ya ishirini umeme ukakatika.
Watu wakaguna, wakatafuta simu zao.
Yeye akainuka, akapita katikati ya giza bila kugusa ukuta,
akafungua kabati ambalo mimi, mwenye funguo zote, sikulijua,
akarudi na mishumaa tisa.
Kisha akaketi. Safari hii hadi mgongoni.

Filamu haikurudi.
Vijana wa nyuma wakamenya machungwa, wakagawa.
"Iliishaje?" akaniuliza mlangoni.
"Haikuisha."
"Basi Alhamisi."

Akaja Alhamisi, akaja Septemba,
Millaray Huenchumán alipofunga kitanda cha mfumi jukwaani
akasuka bila kusema neno, watu wakisogea mbele
safu baada ya safu, kama ng'ombe wanaokuja chumvini.
Kila mara alipangusa kiti akiketi, akapangusa akiinuka.
Nilimwambia aache. Alisema mikono haistaafu.

Novemba, usiku wa mwisho, wote wameondoka.
Nimeokota glavu saba, zote za kushoto,
miwani, kitabu cha hesabu, jino la mtoto ndani ya karatasi.
Chini ya kiti cha kumi na mbili, ganda la peremende,
limekunjwa mara nne, limesukumwa kwenye ufa.

Nimeliacha hapo.
Wa zamu ya asubuhi nimemkataza kuligusa
hadi Machi.