Yungiyungi la Kutwa

Kilungya alinipimia mizizi kama anayepima dagaa,
kiganja kimoja, nusu imekauka.
"Mia mbili. Hili ni yungiyungi la kutwa:
jua likichomoza linafunguka, likizama limekwisha.
Rangi? Jekundu, mama. Damu kabisa."
Jina lake la kitabuni alilitamka mara mbili
na mara mbili nikalipoteza kabla ya kufika stendi.

Nikalipanda Kayole, nyuma ya tangi la maji,
penye vigae vya mwenye nyumba,
shamba lisilozidi kitanda cha mtoto.
Udongo mweusi, ule wa kupasuka kiangazi
na masika kukuvua kiatu.
Nikautia samadi ya mbuzi, maganda ya mayai,
maji ya kuoshea mchele, kwani mfereji ni wa Jumatano tu.

Mwaka wa kwanza, majani.
Kuku wa Mama Osebe wakayanyofoa;
yakarudi membamba, kama nywele baada ya homa.

Mwaka wa pili kikonyo kikapanda, kirefu kupita ndoo,
matumba matano. Niliyahesabu kwa tochi ya simu,
maana hutoka saa kumi na moja alfajiri
kwenda kupanga mikate kiwandani, Lunga Lunga,
na hurudi saa mbili usiku
kulikuta ua limejikunja, limelowa,
kama leso iliyofuta machozi ya mtu mwingine.

"Nafuna, leo lilikuwaje?"
Miaka saba, mapengo mawili, ndiye aliyekuwa macho yangu.
"Kama soda ya machungwa. Lakini katikati limeungua."
"Si jekundu?"
"Ulidanganywa."
Kesho yake: "Kubwa kama uso wangu."
Kesho kutwa: "Sikuangalia, tulikuwa tunaruka kamba."
Siku hiyo lilichanua bila shahidi.

Jumapili niliketi kwenye kigoda tangu mapambazuko.
Tumba la mwisho limefumba, linanitazama.
"Limefunguka?" Mama Osebe, dirishani.
"Bado."
Saa sita: "Je?"
"Bado."
Likafunguka Jumatatu.
Basi jina likapatikana.

Mwaka wa tatu Bado hakutoa kitu.
Fundi wa bomba alimng'oa, akamtupa juu ya vigae,
wiki mbili juani, na mimi sina habari.
Nilipomrudisha ardhini, mizizi, minene kama vidole,
ilikuwa ingali na maji ndani.
Sikuuliza aliyaweka lini.

Mwaka wa nne kiwanda kikapunguza watu.
Nilirudi na barua, na mkate mmoja wa kuagwa.
Kesho yake mwili ukaamka saa kumi, kwa mazoea,
hauna pa kwenda. Nikatoka na shuka begani.

Halifunguki kwa kishindo.
Petali moja inalegea, unapepesa jicho, ni mbili.
Si jekundu. Wala si soda.
Ni rangi ya ukoko wa mkate
dakika moja kabla haujaungua,
na katikati, kweli, ile dakika imepita.
Miaka kumi na mmoja niliichungulia rangi hiyo
kwenye kioo cha tanuri.

Nafuna akapita na mkoba wa shule, meno yote yameota.
"Umeliona?"
"Nimeliona."
"Nilikuambia."

Nikakaa nalo kutwa.
Lilipojikunja sikulichuma.
Nilikwenda kwa Mama Osebe kuazima kisu:
shina limesongamana, ligawanywe kabla ya masika,
na nusu ni yake.
Kuku nimewasamehe.